Maneno Madogo ya Kiingereza na Bwawa la Magwagwa

Bwawa la Magwagwa limekuwa kwenye makaratasi tangu miaka ya 1980. Lilipendekezwa kwenye mto Sondu, ambao majirani Waluo wa upande wa chini huuita Miriu, pale unapopita kati ya Nyamira na Kericho kabla ya kuteremka kwenda Ziwa Viktoria. Takwimu inayotajwa mara nyingi ni umeme wa karibu megawati 120, pamoja na maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba. Mradi uko mikononi mwa Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka 1979 na yenye makao makuu Kisumu. Waliozaliwa bwawa lilipoanza kutajwa sasa ni wazazi wa wanafunzi wa shule za upili, na swali bado ni lilelile: lije au lisije, na likija, nani atahama?

Wanaolitaka wana hoja nzito. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu, cha megawati 60, hakina hifadhi kubwa ya maji. Kinategemea mto unavyokwenda, na kituo cha Sang'oro cha megawati 21 hutumia maji yaleyale yakishatoka Sondu Miriu. Kiangazi kikikaza, mitambo inapungukiwa. Bwawa likikaa upande wa juu, maji ya masika yangewekwa na kuachiwa kidogo kidogo, na vituo vya chini navyo vingenufaika. Wanaolihofia nao wana hoja nzito. Nchi ya Wagusii, ambamo Nyamira imo, ni miongoni mwa sehemu za mashambani zilizosongamana zaidi nchini Kenya. Mashamba ni vipande vya chai, migomba na mahindi vilivyogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Anayeambiwa asogee hapo hana nafasi ya kusogea karibu na kwao.

Nimeanza na bwawa kwa sababu nataka kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza, na hasa msamiati wa hoja: maneno ya kudai, kuthibitisha, kupinga, kuonyesha kasoro ya fikra za mwenzako. Msamiati huu kwa kawaida hufundishwa kama pambo la mdahalo na njia ya kupata alama. Ukiutazama kutoka ukingo wa mto Sondu unaona kazi yake nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, na tangazo lisomwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Yote haya ni mema. Lakini ripoti yenyewe, ile yenye mamia ya kurasa, yenye ramani, majedwali na masharti, huandikwa kwa Kiingereza. Tangazo linamfikia mkazi kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii. Masharti yanabaki kwa Kiingereza. Katikati anasimama mtu mmoja aliyesoma, mara nyingi kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeulizwa na baba zake wadogo na mama zake: mwanangu, hapa wamesema nini hasa?

Kijana huyo amefundishwa nini? Amefundishwa salamu za mdahalo. Kila aliyesoma shule ya upili katika kaunti ya Nyamira anazijua: mheshimiwa mwenyekiti, katibu makini, mtunza saa asiyekosea, waheshimiwa wapinzani wangu, nasimama kidete kuipinga mada. Dakika ya kwanza inaishia hapo. Siku hizi yameongezeka mambo mapya. Wanafunzi wameona kwenye simu orodha za hoja potofu, zenye picha na majina ya Kilatini na Kiingereza, nao wamezipenda. Mwenzao akisema jambo lenye kasoro, mmoja anainuka na kupaza sauti: "That is ad hominem!" Ukumbi unashangilia, anaketi. Hoja ya mpinzani bado iko palepale, haijaguswa, kwa kuwa hakuna aliyeijibu. Limetajwa jina tu.

Msimamo wangu ni kwamba tunaanzia mwisho. Majina ya hoja potofu yana faida na nitayarudia, lakini si mlango wa kuingilia. Mlango ni maneno madogo ambayo mwanafunzi huyapita akidhani anayajua: "may", "up to", "unless", "subject to", "since", "most", "not all". Haya ndiyo yanayoamua sentensi inaahidi nini. Asiyeyamudu anaweza kukariri majina hamsini ya makosa ya kimantiki na bado akatia saini karatasi inayomnyima haki yake.

Tuchukue sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata umbo la sentensi za ripoti za miradi, na idadi iliyomo ni ya mfano: "Up to 300 households may be affected, subject to final design, and compensation will be provided where practicable." Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu aeleze kwa Kiswahili, na mara nyingi utapata jibu hili: familia 300 zitaathirika na zitalipwa fidia. Jibu linasikika sawa. Mkutano mzima ungelipokea na kwenda nyumbani.

Sasa tuisome polepole. "Up to 300" maana yake zisizozidi 300. Sentensi itakuwa kweli hata zikiathirika 40, na kwa hivyo haijasema ni ngapi. "May" inaleta uwezekano tu, hivyo haijasema hata kwamba zitaathirika. "Subject to final design" inasema mambo haya yote yanategemea mchoro wa mwisho, ambao haujakamilika. Mchoro ukibadilika, hata kile kikomo cha 300 hakina nguvu tena. Tunafika kwenye fidia, ambako "will" ni neno la ahadi na msomaji anapumua, lakini papo hapo linafuatwa na "where practicable": pale itakapowezekana. Nani ataamua kwamba imewezekana? Sentensi haikumtaja. Na "compensation" ni fidia ya nini, ardhi au miti na nyumba tu? Italipwa lini, kabla ya kuhama au baada? Haikusemwa.

Hakuna uongo hata mmoja katika sentensi hiyo, wala hoja potofu ambayo mwanafunzi angeweza kuipigia kelele kwa jina la Kilatini. Ni sentensi halali kabisa, na aliyeiandika huenda ni mtaalamu mwaminifu anayejihadhari asiseme asichokijua. Hatari iko kwa msomaji aliyeigeuza kuwa ahadi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kusoma maneno madogo kunatangulia kuwinda makosa. Anayesoma vizuri atainuka mkutanoni na kuuliza maswali manne ya maana: idadi ya chini kabisa ni ngapi, mchoro wa mwisho utatoka lini, nani anaamua kinachowezekana, na tutalipwa kabla ya kuondoka? Maswali hayo yataulizwa kwa Ekegusii au Kiswahili, na yatajibika.

Ugumu wa maneno haya kwa wanafunzi wetu una sababu, na mwalimu anayejua Kiswahili vizuri anaweza kuzionyesha. Chukua ukanushi. Kwa Kiswahili tunasema "familia zote hazikulipwa", na wengi tunaelewa kwamba hakuna iliyolipwa. Tukitaka kusema baadhi zililipwa na baadhi hazikulipwa, tunasema "si familia zote zilizolipwa". Mwanafunzi akiibeba sentensi ya kwanza moja kwa moja anaandika "All the families were not paid", na kwa Kiingereza sentensi hiyo inaweza kueleweka kwa njia mbili. Anayesoma malalamiko hayo ofisini anaweza kuchagua maana inayompunguzia kazi. Anayetaka kulalamika kwamba hakuna aliyelipwa aandike "None of the families was paid". Anayetaka kusema malipo yalikuwa na mapengo aandike "Not all the families were paid". Haya ni madai mawili tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake. La kwanza linavunjwa na risiti moja tu ya malipo. La pili haliguswi na risiti hiyo. Mwanafunzi akiielewa tofauti hii ameshaingia ndani ya mantiki, hata kama hajasikia neno la Kigiriki.

"Wengi" nalo lina mtego wake. Neno letu moja linabeba "many" na "most". Watu 60 kati ya 1,000 ni "many" kwa hesabu ya kawaida, lakini si "most" hata kidogo. Waziri au mbunge akisema kwa Kiingereza kwamba "many residents support the project", amesema jambo linaloweza kuwa kweli bila kusema kwamba walio wengi wanaunga mkono. Mtafsiri akisema "wengi wanaunga mkono", mkutano unasikia kwamba wapinzani ni wachache. Kiswahili kina njia ya kutofautisha: watu wengi, na walio wengi. Tuitumie, na tuwafundishe wanafunzi waitumie wanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Kisha kuna vitenzi vya kubeba maneno ya mtu mwingine. Ripoti "states", inasema. Msemaji "claims", anadai, na aliyechagua kitenzi hicho ameacha nafasi ya shaka. Mwandishi "argues", anatoa hoja kwa sababu. Takwimu "suggest", zinaashiria, "show", zinaonyesha, na mara chache sana "prove", zinathibitisha pasi na shaka. Wanafunzi wetu wanatumia "say" kwa yote, au "prove" kwa yote. Wakati mwingine wanaona "argue" ni kugombana, kwa kuwa ndivyo linavyosikika mitaani, kwa hivyo hawaliandiki kwenye insha ya fasihi ambako ndilo hasa linalotakiwa. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE, yenye alama 60, inamtaka mtahiniwa aandike insha za vitabu teule akitoa hoja na kuishikiza kwa matukio ya kitabuni. Anayejua tofauti ya "shows" na "suggests" anaandika insha bora. Huyohuyo ndiye atakayejua kwamba utafiti ukisema jambo "is likely", haujasema jambo hilo ni hakika. Sioni sababu ya kutenganisha mtihani na maisha hapa. Ujuzi ni mmoja.

Kosa la "although" likifuatiwa na "but" silihesabu kuwa kubwa, ingawa walimu wengi hulikasirikia. Linatokana na "ingawa... lakini" yetu, ambayo kwa Kiswahili haina shida. Likosolewe kwa upole na somo liendelee. Maana haijapotea.

Sasa nirudi kwenye hoja potofu. Somo hili ni la kale. Aristotle aliandika kitabu kizima kuhusu kukanusha kwa hila, akaorodhesha makosa 13: sita yanayotokana na lugha na saba yasiyotokana nayo. Tazama uwiano huo. Karibu nusu ya makosa aliyoyaona yanazaliwa na maneno yenyewe: neno lenye maana mbili, sentensi inayoweza kukatwa kwa namna mbili. Orodha zinazozunguka leo kwenye simu huyataja hayo mwisho, au hazitaji kabisa, zikapendelea yale yenye majina ya kuvutia. John Locke, Mwingereza, ndiye aliyeeneza lile jina la "ad hominem" mwaka 1690, na kwake lilikuwa na maana tofauti na ya leo: kumbana mtu kwa yale ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuyakubali. Mwaka 1970 Charles Hamblin wa Australia alichapisha kitabu kuhusu hoja potofu akilalamika kwamba vitabu vya mantiki vilikuwa vikirithishana orodha ileile, kwa mifano ileile iliyochakaa, bila nadharia ya maana nyuma yake. Lawama hiyo ingeweza kuandikwa leo.

Baada yake Douglas Walton wa Kanada alifanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba nyingi ya hizi zinazoitwa hoja potofu si potofu wakati wote. Hilo ndilo ningependa lifike kila darasa la Nyamira, na nitalifafanua kwa "ad hominem", kwa sababu ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Kumshambulia msemaji badala ya hoja yake ni kosa. Ndivyo wanafunzi wanavyokariri. Lakini fikiria mkutano wa bwawa. Anasimama mwanamume anayeutetea mradi kwa ufasaha, na watu wanajua kwamba yeye ni dalali aliyekwisha kununua viwanja kwa bei rahisi pale ambako watakaohamishwa wangepelekwa. Mzee akimuuliza, "Mwanangu, wewe una faida gani katika jambo hili?", je, amekosea kimantiki? Hapana. Dalali amewaomba watu wamwamini, wayapokee maneno yake kwa kuwa yeye anajua. Anayeomba kuaminiwa amekubali uaminifu wake upimwe. Swali la mzee ni halali na linahitaji jibu. Kijana atakayeruka na kusema "That is ad hominem" atakuwa amemfungia mlango mtu aliyeuliza swali muhimu kuliko yote siku hiyo.

Linganisha na hili. Anasimama mwanamke, anaeleza kwamba alama za mipaka zilizowekwa na wapimaji hazilingani na ramani ya hatimiliki, na anataja mti, jiwe na mfereji. Sauti inatoka nyuma: huyo hakuzaliwa huku, ameolewa tu. Hapa kosa ni kamili. Mti, jiwe na mfereji viko pale, yeyote anaweza kwenda kuviangalia, na mahali alipozaliwa msemaji hapabadilishi umbali kati ya vitu hivyo. Mwanamke hakuomba kuaminiwa. Alionyesha vitu vinavyopimika. Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo somo lenyewe. Jina ni moja, hukumu ni mbili, na anayejua jina tu hawezi kuitoa hukumu.

Nyingine nazipitia haraka. "Straw man" ni kumtungia mpinzani hoja dhaifu asiyoisema kisha kuivunja: anayeomba alipwe kabla ya kuhama anaambiwa anachukia umeme. "Begging the question" ni kuthibitisha jambo kwa jambo lilelile: mradi lazima ujengwe kwa kuwa ni wa lazima. Kiingereza cha kila siku siku hizi hutumia maneno hayo kumaanisha "kuzua swali", kwa hivyo mwanafunzi ayajue kwa maana zote mbili asije akapotea. "False dilemma" inastahili dakika moja zaidi kwa sababu ndiyo mtindo wa majukwaa yetu: mnataka maendeleo au hamtaki? Dawa yake ni msamiati wa njia ya tatu, na msamiati huo nao ni maneno madogo. "We accept it provided that." "Not unless." "At least." "Land for land instead of cash." Mtu anaweza kulikubali bwawa la kimo fulani na kulikataa la kimo kingine. Anaweza kukubali kuhama na kukataa kuhama kabla ya malipo. Mkutano ambao watu wake wana maneno ya masharti hauwezi kugawanywa kirahisi kuwa wapenda maendeleo na maadui wa maendeleo.

Nisidhaniwe nayadharau majina haya. Katika nchi ya Wagusii ipo hoja potofu moja ambayo imeua watu. Mwezi Mei 2008, katika Kisii ya kati, umati ulichoma moto hadi kufa watu 11, wengi wao wanawake wazee, kwa shutuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa shutuma hiyohiyo. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, tuna polisi, tuna makanisa kila kilima. Chuki za ardhi na urithi zimo katika mauaji haya, na umaskini umo, na woga umo. Lakini ndani yake kuna pia umbo la hoja, na umbo hilo linafundishika: jambo la pili limefuata la kwanza, basi la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Bibi alipita hapa jana, mtoto ameamka mgonjwa leo, basi ni bibi. Wanamantiki huiita "post hoc". Inafuatwa na nyingine mbaya zaidi: bibi akikiri, ni mchawi, akikana, wachawi ndivyo wanavyofanya. Dai ambalo kila jibu linalithibitisha haliwezi kupimwa na kitu chochote, na mtu aliyeshtakiwa kwa dai la namna hiyo amekwisha hukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Neno dogo limejificha hata humo. "Since" kwa Kiingereza hubeba wakati na hubeba sababu. "The child has been ill since she came" inaweza kusomwa kuwa habari ya wakati tu: tangu alipokuja. Anayetaka kusikia sababu atasikia sababu. Kiswahili kimetenganisha: tangu ni tangu, kwa kuwa ni kwa kuwa. Mwalimu awaandikie wanafunzi sentensi hiyo ubaoni, awaulize inasema nini na haisemi nini, kisha awaulize wangehitaji kujua nini zaidi kabla ya kumtaja mtu kuwa chanzo cha ugonjwa. Wangapi walitembelewa na bibi huyo na hawakuugua? Wangapi waliugua bila kutembelewa na yeyote? Daktari amesema nini? Ningependa kila mtoto wa Kisii na Nyamira awe amewahi kujibu maswali hayo kwa maandishi, darasani, siku ya amani, kabla hajasikia filimbi ya umati usiku.

Wagusii hawakungoja Kiingereza ili wajue kupima maneno. Etureti, baraza la wazee, lilisikiliza kesi za mipaka, mifugo na mahari kwa mashahidi na maswali, na pale ushahidi ulipokwisha palikuwa na kiapo. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, aliandika kwa kina kuhusu sheria ya mahari ya Wagusii, kitabu kikatoka mwaka 1950. Sheria yenye undani wa kujaza kitabu haitoki kwa watu wasiojua kuhojiana. Kwa hivyo mwalimu asiingie darasani kana kwamba analeta akili mpya. Aanze na mgogoro wa mpaka ambao kila mwanafunzi ameshuhudia, auendeshe kwa Ekegusii au Kiswahili mpaka hoja zikae wazi, nani anadai nini na ana ushahidi gani, halafu ndipo maneno ya Kiingereza yaletwe yavishwe juu ya hoja zilizokwisha eleweka. Mwanafunzi aliyeielewa hoja kwa lugha yake hupata neno la Kiingereza kwa urahisi. Aliyepewa neno bila hoja atalibeba kama salamu ya mtunza saa asiyekosea.

Na awaambie jambo moja ambalo orodha za simu hulisahau: kasoro katika hoja haimaanishi kwamba hitimisho ni uongo. Mwanasiasa anaweza kulitetea bwawa kwa hoja mbovu na bwawa likawa na manufaa hata hivyo. Mwanakijiji anaweza kulipinga kwa hoja mbovu na hofu yake ikawa ya kweli. Ukishaonyesha kasoro, kazi bado iko mbele yako: tafuta hoja bora kuliko zote ya upande ule, uijibu hiyo.

Mtaala wa umilisi umeitaja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo kuwa mojawapo ya umilisi saba wa msingi, na kundi la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa hivyo mwalimu hana haja ya kuomba ruhusa ya kufundisha haya. Anachohitaji ni matini ya kufundishia, na matini iko karibu. Ripoti za tathmini ya mazingira huambatana na muhtasari ulioandikwa kwa lugha isiyo ya kitaalamu, ripoti hizo hukaguliwa na umma, mamlaka ya mazingira (NEMA) ina ofisi katika kaunti, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Walimu wa Kiingereza wa Magwagwa, Ekerenyo na Nyaramba, nawaomba mwende mkachukue muhtasari mmoja, wa mradi wowote ule, wa barabara au wa maji. Nakilini ukurasa mmoja, waambieni wanafunzi wapige mstari chini ya kila "may", "up to" na "subject to", na waandike mbele ya kila mstari swali ambalo mzazi wao angepaswa kuliuliza mkutanoni. Kisha wapeni karatasi hiyo waende nayo nyumbani.